Ushindi wa Pointi Tatu na Kazi Iliyoachwa Mezani

Julai 6, 2022, mjini Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, timu ya taifa ya raga ya Kenya iliishinda Algeria pointi 36 kwa 33 katika nusu fainali ya Kombe la Afrika. Pointi tatu katika raga ni penalti moja iliyopita katikati ya milingoti. Siku nne baadaye, mjini humohumo, Namibia iliichapa Kenya 36 kwa 0 na kuondoka na tiketi ya Kombe la Dunia la 2023. Kenya ikabakiwa na mlango mmoja tu, mchujo wa Dubai wa mwezi Novemba. Huko ilifungwa na Marekani 68 kwa 14, ikafungwa na Ureno 85 kwa 0, ikamalizia kwa kufungwa na Hong Kong 22 kwa 18. Ukijumlisha, ilifunga pointi 32 na kufungwa 175.

Msomaji wa Turwa, hapa mjini Tarime, anaweza kuuliza hesabu za raga ya Kenya zinamhusu nini, wakati hapa kwetu kijana akipewa mpira huuweka chini na kuupiga kwa mguu. Zinamhusu. Kwanza, raga iko karibu kuliko tunavyodhani: ukivuka mpaka kutoka Sirari kuingia Isebania, lami inakupeleka hadi Kisii na Kisumu, miji yenye timu zake, na shule kama Maseno ambako mchezo huu ni sehemu ya maisha ya mwanafunzi. Vijana wa Tarime wenye ndugu upande wa pili wa mpaka wanaujua, na siku yoyote tutasikia wamechomeka milingoti mirefu kwenye uwanja wa hapa. Pili, na hili ndilo zito, ugonjwa uliowaangusha majirani zetu tunao sisi wenyewe, na mkoa wetu wa Mara umekwisha kuulipia. Tutafika Musoma baadaye.

Ugonjwa wenyewe ni huu: timu inashinda kwa taabu, viongozi wanapumua, daftari linafungwa. Wiki inayofuata hakuna anayeuliza kwa nini tulikaribia kufungwa, kwa kuwa hatukufungwa. Ikitokea tukafungwa, hapo kikao huitishwa usiku uleule, kocha huondolewa, na wazee wa klabu hunyoosheana vidole. Ajabu ni kwamba ushindi mwembamba na kipigo chembamba hutokana na mchezo uleule mmoja, wenye makosa yaleyale. Kinachovitenganisha ni mpira mmoja uliogonga mlingoti ukaingia, au ukatoka. Lakini katika klabu zetu kipigo kina kikao na ushindi una mbuzi. Mbuzi achinjwe, hatukatazi. Kinachotukera ni kwamba akiliwa, makosa nayo yanaliwa pamoja naye.

Majirani zetu walikuwa wamekwisha kuonywa. Novemba 2018, mjini Marseille, Kenya ilicheza mchujo wa aina hiyohiyo na kufungwa mechi zote tatu: Kanada 65 kwa 19, Ujerumani 43 kwa 6, Hong Kong 42 kwa 17. Jumla ya pointi 150. Ikapewa miaka minne ya kujirekebisha, na ilipofika Dubai idadi ya pointi ilizofungwa ikapanda badala ya kushuka. Nusu fainali ya Aix-en-Provence ilikuwa onyo la mwisho kabla ya hapo. Bahati mbaya onyo hilo lilikuja limevaa nguo za ushindi, na onyo lililovaa hivyo halisomwi na mtu.

Hatuwalaumu wachezaji. Ligi kuu ya raga ya Kenya ina timu za benki, za vyuo vikuu, za kiwanda cha sukari na za vilabu vya zamani vya Nairobi, na mchezaji wake wa kawaida ana kazi au masomo asubuhi na mazoezi jioni. Anapokutana na watu wanaolipwa Ulaya kwa kusukumana kila siku, kuna pengo la nguvu ambalo kikao chochote hakiwezi kuliziba. Hilo tunalikubali. Lakini pengo la nguvu halielezi kila kitu. Halielezi kufungwa na Hong Kong kwa pointi nne tu, mechi ambayo ilikuwa ndani ya uwezo. Wala halielezi kwa nini timu iliyofunga 36 ililazimika kuomba Mungu dakika za mwisho kwa kuwa upande wa pili umefunga 33.

Tuisome hiyo 33. Trai ina pointi tano, mkwaju wa nyongeza mbili, penalti tatu. Huwezi kufika 33 kwa kubahatisha mara moja. Unafika kwa sababu mpinzani wako anakufungulia mlango mara kwa mara. Algeria ilikuwa timu changa katika mashindano hayo, iliyojengwa kwa vijana wanaocheza ligi za Ufaransa, na ilistahili heshima. Hata hivyo kocha aliyeshinda mechi ya namna hiyo anapaswa kutoka uwanjani akiwa na karatasi mbili. Ya kwanza inaonyesha tulivyofunga, na hiyo kila mtu ataitaka. Ya pili inaonyesha tulivyofungwa, na hiyo hakuna atakayeiomba. Wajibu wa kocha ni kuisoma hiyo ya pili kwa sauti mbele ya wachezaji, mstari kwa mstari, hata kama chumba kinaimba.

Nini kimo ndani ya karatasi hiyo? Katika raga mambo mengi ni madogo na yanahesabika. Mchezaji aliyeangushwa akang'ang'ania mpira badala ya kuuachia: penalti. Aliyeingia kwenye rundo kwa ubavuni badala ya kupitia nyuma: penalti. Aliyesimama mbele ya mstari kwa hatua moja kwa sababu ya kuchoka: penalti. Aliyemkaba mpinzani juu ya mabega: penalti, na mara nyingi kadi ya njano inayoiacha timu na watu 14 kwa dakika 10. Hakuna hata kosa moja kati ya hayo linalohitaji misuli ya Ulaya. Yote yanahitaji mazoezi, pumzi na utii. Ndiyo maana ushindi wa pointi tatu hautupi raha: kosa moja la aina hiyo, mbele ya milingoti, mita 30 kutoka mstarini, lilitosha kuisawazishia Algeria.

Na kuna kosa jingine ambalo sisi wa Tarime tungefanya vizuri kulitazama kwa makini zaidi, kwa kuwa kwetu halihesabiwi kuwa kosa. Ni mdomo. Katika raga nahodha peke yake ndiye anayezungumza na refa. Mchezaji mwingine akibishana, refa ana mamlaka ya kusogeza penalti mita 10 mbele. Mkwaju uliokuwa mbali unakuwa karibu; pointi tatu ambazo mpinzani asingezipata anazipata kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja. Fikiria sheria hiyo ikiletwa kwenye viwanja vyetu, ambako filimbi ikilia watu 11 huzungumza kwa pamoja, benchi linasimama, na shabiki mwenye fimbo anaanza kushuka polepole kuelekea mstarini. Timu zetu nyingi zingemaliza mechi refa akiwa amezisogeza hadi Sirari. Tunajisifu kwamba sisi ni watu tusioonewa. Vizuri. Lakini nahodha yupo, na kazi yake ni kutusemea.

Tusieleweke kwamba tunaudharau ushindi mwembamba. Upo ushindi wa namna hiyo uliojengwa. Katika mashindano yaleyale ya 2022, Zimbabwe iliishia nusu fainali, ikafungwa na Namibia, ikarudi nyumbani. Hakuna aliyeizungumzia; Kenya ndiyo iliyokuwa fainali. Miaka miwili baadaye, mjini Kampala, Zimbabwe ilitwaa Kombe la Afrika. Mwaka uliofuata, Julai 2025, ikarudi Kampala na mzigo mzito zaidi, kwa kuwa safari hii tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 ilikuwa mezani. Katika nusu fainali ikakutana na Kenya, ikashinda 29 kwa 23. Katika fainali, Uwanja wa Mandela, Namboole, ikaishinda Namibia 30 kwa 28. Pointi sita, kisha pointi mbili, na Zimbabwe ikaingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991.

Ukitazama ubao wa matokeo peke yake, ushindi wa pointi mbili wa Zimbabwe ni mwembamba kuliko ule wa pointi tatu wa Kenya. Mwenendo wa kabla yake ndio unaoutofautisha. Mmoja ulikuja baada ya timu kurudi kwenye makosa yake kwa miaka mitatu. Mwingine ulifuatiwa na mteremko wa miezi minne. Wanaopenda kusema kwamba raga, au mchezo wowote, ni bahati tu, waeleze kwa nini bahati hiyo ilichagua kumfuata aliyefungwa 2022 na kumwacha aliyeshinda.

Ureno nayo isisahaulike, hiyo iliyoipa Kenya 85. Ilifuzu pale Dubai kwa sare ya 16 kwa 16 na Marekani, kwa penalti ya dakika ya mwisho. Mwaka uliofuata, kwenye Kombe la Dunia, ikatoka sare na Georgia, kisha Oktoba 8, 2023, mjini Toulouse, ikaishinda Fiji 24 kwa 23. Ni nchi ambayo mwaka 2007, iliposhiriki kwa mara ya kwanza, ilifungwa na New Zealand pointi 108 kwa 13. Miaka 16 kutoka 108 hadi ushindi wa pointi moja. Wengi wa wachezaji wake wa miaka hiyo walikuwa watu wa kazi nyingine.

Hapo ndipo tunapotaka kuliondoa mezani jibu ambalo kila kiongozi wa klabu ya ridhaa huwa nalo mfukoni: sisi hatulipwi. Raga hii tunayoizungumzia, ya union, haikulipa wachezaji wake rasmi hadi Agosti 1995. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 100, wakulima wa New Zealand, wachimba makaa wa Wales na walimu wa Scotland walicheza mbele ya umati mkubwa, kisha Jumatatu wakarudi kazini. Utaratibu wa mchezo huo tunaousifu leo, wa kumheshimu refa na wa kuwahi mazoezini, ulilelewa na watu wasiolipwa hata senti. Kukosa posho ni sababu ya kuwa maskini. Si sababu ya kukosa kumbukumbu za kikao.

Sasa Musoma.

Biashara United ni klabu ya mkoa huu. Mashabiki waliiita Wanajeshi wa Mpakani. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19, na msimu wa 2020/21 ikamaliza nafasi ya nne, juu ya vigogo wenye mifuko minene kuliko yake, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Septemba 2021 ilikwenda Djibouti ikaifunga Dikhil bao 1 kwa 0, ushindi mwembamba wa ugenini, kisha ikamaliza kazi kwa 2 kwa 0. Oktoba, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2 kwa 0. Timu kutoka ufukwe wa Ziwa, yenye bajeti ya kuunga unga, ilikuwa dakika 90 tu kutoka hatua inayofuata.

Dakika hizo hazikuchezwa. Timu haikufika Libya. Sababu iliyoelezwa ni kwamba vibali vya ndege vilichelewa, na saa ya mechi ikapita wachezaji wakiwa bado Tanzania. Al Ahli Tripoli ikasonga mbele bila kugusa mpira. Mwisho wa msimu huohuo, Biashara ikashuka daraja.

Hatutaki kumtafuta mchawi. Muda umepita na wahusika wanajijua. Tunachosema ni hiki. Kibali cha ndege hakiombwi na mshambuliaji. Hakiombwi na kipa wala na kocha wa viungo. Kinaombwa na mtu mwenye meza, mwenye muhuri na mwenye simu, ambaye tarehe ya mechi ya marudiano alikuwa nayo tangu ratiba ilipotoka. Wachezaji walitimiza wajibu wao wakaacha mabao mawili mezani. Yaliyobaki yalikuwa ya ofisi, kuanzia klabu hadi shirikisho hadi mamlaka zinazohusika na anga, na katika mnyororo huo hapana budi kuna mahali ambapo mtu alidhani mwenzake amelifanya. Kwa maoni yetu, bao la pili la Biashara ndilo lililoumiza zaidi, kwa sababu lilimfanya kila mtu aamini kwamba kazi imekwisha.

Juni 2024 ikaja nafasi nyingine. Biashara, ikiwa daraja la chini, ilicheza mchujo na Tabora United kuwania kurudi Ligi Kuu. Ikashinda nyumbani bao 1 kwa 0. Marudiano, Tabora ikashinda 2 kwa 0 na kubaki ilipo. Mkoa wa Mara ukabaki bila timu Ligi Kuu. Bao moja la nyumbani ni kitu chepesi mno kukisafirisha hadi Tabora, na kila mchezaji wa chandimu wa Turwa anajua hivyo.

Kwa hiyo tunageukia klabu zetu, hizi za mtaani na za kata, zinazocheza Shamba la Bibi na kwenye uwanja wa Chuo cha Ualimu, na zile za raga zitakazozaliwa kesho. Tunataka nini kwao?

Tunataka kikao cha baada ya ushindi. Wakurya wana ritongo, mkutano ambamo jambo la jamii husemwa mbele ya wote, mdogo husikilizwa, wazee huamua, na kilichoamuliwa hakirudishwi nyuma ya mlango. Klabu ikishinda kwa bao moja au kwa penalti moja, ikae hivyo ndani ya siku tatu. Beki aliyeachia nafasi aseme mwenyewe alikuwa wapi. Kocha aseme kwa nini alichelewa kufanya mabadiliko. Katibu aandike. Neno hilo la mwisho tunalikazia, kwa kuwa katika klabu nyingi za hapa katibu ni cheo cha kukalia kiti cha mbele siku ya fainali. Kama hakuna kilichoandikwa, wiki ya tatu kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake ya mechi ileile, na zote zitakuwa nzuri.

Tunataka mweka hazina ajulishe nauli mapema. Si siku ya safari saa 12 asubuhi, wachezaji wamekaa juu ya mabegi stendi na simu yake imezimwa. Timu iliyolala njiani kwa sababu ya Coaster ya mkopo haina haki ya kushangaa inapoishiwa pumzi dakika ya 70. Fedha ni kidogo, tunajua. Ndiyo maana ziandikwe. Elfu kumi iliyoandikwa huonekana. Laki mbili isiyoandikwa huwa haikuwahi kuwepo.

Kuhusu majeruhi tutasema kwa urefu, kwa kuwa hapa ushindi mwembamba unaweza kuua mtu. Matokeo yakiwa yamekaribiana, kocha hamtoi mchezaji wake bora hata akiwa ameyumba. Anamwagiwa maji kichwani, anapigwa kibao cha mgongo, anarudishwa. Chama cha raga duniani kimeweka wazi kwamba mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anaondolewa mara moja na harudi siku hiyo. Kwenye Kombe la Dunia wapo madaktari wanaomchukua pembeni na kumpima kwa dakika 12. Ngazi ya ridhaa haina hao, kwa hiyo akishukiwa tu, ametoka. Na mwongozo wa ngazi hiyo unataka asirudi kwenye ushindani kabla ya siku 21. Wiki tatu, hata kama fainali iko Jumapili. Hata kama ni nahodha. Hata kama mama yake mzazi anasema amepona.

Sheria hiyo isingoje raga. Kwenye soka letu vichwa hugongana kila wikiendi. Klabu yenye jezi mpya lakini haina machela imepanga vibaya vipaumbele vyake, na mtu aliyeumia shingo hapakiwi kwenye bodaboda katikati ya marafiki wawili wanaomshikilia. Hospitali ya Mji wa Tarime haiko mbali na viwanja vyetu. Kinachokosekana ni mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo kabla ya filimbi ya kwanza, mwenye gari lililokubaliwa na namba ya simu inayopokelewa. Jina lake liandikwe pamoja na la kocha.

Usajili nao ni wajibu, ingawa hauimbwi. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, Namba 12 ya mwaka 1967, imekuwapo tangu babu zetu wakiwa wachezaji, na klabu inapaswa kuwa na katiba na kusajiliwa. Ofisa michezo wa halmashauri yupo kwa kazi hiyo. Klabu isiyosajiliwa haiwezi kudai haki yake ikionewa, wala mfadhili hawezi kuiandikia hundi. Vijana wanaotaka kuleta raga Turwa waanzie hapo, kisha watafute milingoti. Na Halmashauri ya Mji isituambie kwamba viwanja vya wazi vipo. Itueleze vimepimwa lini na hati zake ziko wapi, kabla ya mtu kuamka na kukuta msingi wa fremu za maduka umechimbwa kwenye goli la kusini.

Kwa mashabiki tuna neno fupi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi ndio tunaosifu. Mchezaji aliyefunga bao la dakika ya 89 baada ya kukosa matano anabebwa mabegani hadi sokoni, na beki aliyeziba mashimo yake saa nzima anarudi nyumbani kwa miguu. Watangazaji wa redio zetu wanalirudia bao lile wiki nzima. Mara moja tu wangemuuliza kocha: hayo matano mengine je?

Msimu huu, kabla ya mikutano mikuu ya klabu, wanachama wa Turwa waombe kuwekewa mezani vitu vitatu: kumbukumbu za vikao vilivyofanyika baada ya mechi ambazo klabu ilishinda kwa tofauti ya bao moja, daftari la nauli na posho, na orodha ya majeruhi ikionyesha aliyetoka lini na aliyerudi lini. Kiongozi anayetaka kugombea tena avilete mwenyewe, bila kuitwa. Asiyekuwa navyo aondoe fomu yake.